Kuripu DVD orijino kwenye Ubuntu inagoma

Wakuu habari zenu, nina DVD za katuni orijino niliwanunulia watoto, sasa zimeanza kukwaruzika nataka nizihifadhi kwenye hadi diski kabla hazijafa kabisa, programu ya HandBrake inazisoma ila video inatoka vipandevipande, rangi za ajabu tu. Natumia Ubuntu (Linux). Nakosea wapi?

Jibu: Hujakosea mkuu, hiyo ni CSS, ulinzi wa DVD toka 1996, na Ubuntu haiji na kitu cha kuifungua kwa sababu za kisheria. Fungua terminali andika sudo apt install libdvd-pkg halafu sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg, hiyo ya pili wengi wanaisahau na ndo inayoleta libdvdcss yenyewe, yaani kifungua CSS. Funga HandBrake uifungue tena.

Jibu: Naongezea, ukiulizwa rijeni (namba ya eneo la dunia ambako DVD inaruhusiwa kuchezwa) usibadilibadili ovyo, draivu nyingi zinakubali mara 5 tu baada ya hapo inajifunga kwenye rijeni ya mwisho. Huku Afrika Mashariki ni rijeni 5.

Jibu: Kama upo Marekani angalia, sheria ya hakimiliki ya DMCA ya 1998 inakataza kuvunja ulinzi hata kama diski umenunua mwenyewe, mimi naona si haki kabisa. Norway walimshtaki Jon Lech Johansen kwa DeCSS, programu ya 1999 ya kufungua CSS, mahakama ikamwachia 2003.

Muuliza swali: Aisee imekubali! Ilikuwa hiyo komandi ya pili, nimeshatoa tatu na picha safi. Nashukuru sana wakuu.