Msaada: kompyuta ya mezani inawaka, feni zinazunguka, ila kioo ni giza tupu

Waya Mwekundu (mwenye uzi)
Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo yenu wajuvi wa mambo haya.

Nina kompyuta ya mezani, prosesa ni i5-10400F, RAM mbili za GB 8 kila moja (DDR4), na kadi ya grafiki ya kuchomeka. Ilikuwa inapiga kazi vizuri tu. Nimehama nayo, imesafiri imelala kwenye gari. Baada ya kuiunganisha upya nikabonyeza swichi: feni zote zinazunguka, taa za mbele zinawaka, lakini monita inaandika hakuna mawimbi halafu inalala. Hakuna nembo, hakuna mlio wowote. Kebo ya HDMI nimebadilisha, monita nimeijaribu na laptop inaonyesha safi.

Kuna jamaa kaniambia niiformati. Kabla sijagusa data zangu, ninyi mnasemaje?

Dogo Disko
Hiyo Windows imekufa mkuu. Piga Windows upya, utanishukuru.

Bisibisi Nyota
Mkuu Dogo, hapana. Mashine ikiwashwa, kitu cha kwanza kufanya kazi ni BIOS, ile programu ndogo inayokaa kwenye mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote). Inakagua prosesa, RAM, kisha kadi ya grafiki. Ikiridhika ndipo inakwenda kuitafuta Windows kwenye diski. Yeye hata nembo ya mwanzo haioni, maana yake Windows haijafikiwa. Ukichomoa diski zote, kompyuta isiyo na hitilafu bado inapaswa kuonyesha kitu kwenye kioo, hata kama ni ujumbe wa kulalamika kwamba haina pa kuwakia. Kupiga Windows hapa ni kudeki sebule wakati mlango wa mbele umegoma kufunguka.

Mwenye uzi, nijibu mawili. Ukibonyeza Caps Lock, taa ya kibodi inawaka na kuzima? Na kwenye mazabodi, angalia pembeni karibu na ule mkia mkubwa wa umeme wa pini 24: mazabodi nyingi za miaka hii zina vitaa vidogo vinne vimeandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya grafiki) na BOOT (diski ya kuwakia). Kipi kinabaki kinawaka?

Kinu cha Data
Chomoa HDMI kwenye kadi, chomeka kwenye tundu la mazabodi. Ikionyesha picha basi kadi imekwenda.

Bisibisi Nyota
Kwa prosesa nyingine ushauri huo ni mzuri sana. Kwake hautasaidia: ile F mwishoni mwa 10400F maana yake prosesa haina grafiki ya ndani. Tundu la mazabodi litakuwa kimya hata mashine ikiwa nzima, kisha atalia bure kwamba kadi na mazabodi vyote vimekufa.

Waya Mwekundu
Caps Lock haiitikii kabisa. Vitaa nimeviona: CPU kinawaka kidogo kinazima, halafu DRAM kinawaka na kubaki hapo hapo.

Mama Saketi
Basi kadi ya grafiki iacheni kwanza, mashine imekwama kwenye RAM hata haijafika huko. Mwanangu, fanya hivi taratibu.

Zima swichi ya nyuma kwenye pawasaplai, chomoa waya wa ukutani, kisha shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kumi na tano hivi ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kugusa chochote ndani, umeme tuli wa mwilini unaua RAM bila hata wewe kuusikia. Toa RAM zote mbili. Yale meno ya dhahabu yasugue kwa kifutio safi cha penseli, makombo yapangusie mbali na mazabodi. Ukiwa na spiriti kali ya kusafishia vifaa, bora zaidi.

Sasa rudisha MOJA tu, na uiweke sloti ya pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kwenye mazabodi nyingi zenye sloti nne hiyo ndiyo inayoitwa A2 na ndiyo ya kuanzia. Bonyeza ncha zote mbili mpaka kishikizo kijifunge chenyewe. Watu wengi huogopa kukandamiza, RAM inabaki imekaa nusu nusu, ukiitazama kwa juu unaona imeingia.

Usisahau kukata umeme kila unapobadilisha.

Kinu cha Data
Na a-reset BIOS pia. Toa ile betri ya duara, CR2032, subiri dakika chache, rudisha. Tarehe na mipangilio ya BIOS itapotea, mafaili yako hayaguswi.

Waya Mwekundu
Jamani, mmenipa pumzi! RAM moja kwenye A2, picha imekuja. Nikaitoa nikaweka ya pili hapo hapo A2, picha imekuja pia. Lakini nikiziweka zote, A2 na B2 (sloti ya nne), giza linarudi na DRAM inawaka. Nikiweka yoyote ile B2 peke yake, giza. Betri nimetoa na kurudisha, hakuna tofauti. Kwa hiyo sloti imekufa? Ninunue mazabodi?

Bisibisi Nyota
Usinunue kitu bado. RAM zote mbili ni nzima, hilo umeshalithibitisha. Kinachogoma ni upande wa B, na upande huo hauanzii kwenye sloti. Njia za RAM zinakwenda moja kwa moja hadi kwenye prosesa, na prosesa yako (soketi ya LGA1200) haina pini, pini ziko kwenye mazabodi na prosesa imezikalia tu. Mgandamizo ukizidi upande mmoja, baadhi ya pini hazigusi sawasawa, na dalili inayojulikana sana ni hiyo ya upande mmoja wa RAM kupotea.

Umesema ilisafiri imelala. Feni ya prosesa ni ile iliyokuja na prosesa yenyewe? Ile inashikwa na vishikizo vinne vya plastiki vya kusukuma. Jaribu kutikisa kidogo kila kona uone.

Waya Mwekundu
Mkuu wewe ni mganga? Kona moja ya chini imechomoka, feni inacheza upande huo.

Mama Saketi
Haya sasa, usiisukume juu kwa juu ukadhani umemaliza. Ikishanyanyuka, pesti ya kupitisha joto chini yake imeingia hewa. Toa feni nzima, pangusa pesti ya zamani, weka mpya tone moja la katikati. Rudisha kwa kusukuma kona zinazokabiliana kwa mshazari, si upande mmoja kwanza. Geuza mazabodi utazame nyuma, kila kishikizo kiwe kimetokeza na kupanuka.

Prosesa yenyewe usiinyanyue kwenye soketi kama hakuna ulazima. Pini zile zikipinda utaanza uzi mwingine.

Waya Mwekundu
Nimemaliza. Zote mbili zinasoma, BIOS inaonyesha GB 16, Windows imefunguka na mafaili yangu yote yapo. Bisibisi na Mama Saketi, Mungu awazidishie. Dogo Disko na wewe nakupenda hivyo hivyo.

Dogo Disko
😂 Nimekaa pale.

Pembe la Kusi
Samahani kuingilia uzi. Yangu nembo inatokea, vile vidoti vinazunguka, halafu giza. Nami nianze na RAM?

Bisibisi Nyota
Hapana, yako ni kesi nyingine. BIOS imeshapita, hapo tunaitazama Windows, mara nyingi draiva ya grafiki (programu inayoendesha kadi ya grafiki). Giza likiingia bonyeza Windows+Ctrl+Shift+B kwa pamoja, inaiamsha draiva upya. Ikikataa, izime kwa kushikilia kitufe vidoti vikiwa vinazunguka, rudia mpaka ikuletee menyu ya matengenezo, kisha iwashe katika hali salama na uondoe draiva ya grafiki. Ukiona kishale cha mausi kwenye hilo giza, niambie kabla hujafanya lolote, maana hiyo nayo ina njia yake.