Msaada: nachora spea za Peugeot 504 nyumbani, plastiki gani inavumilia?

Kijana wa Kiborloni
Wakuu habarini. Nipo Moshi. Mzee ana Peugeot 504 ya mwaka 1976, imelala bandani miaka kumi na moja, kuku wakitagia siti ya nyuma. Nimeifufua, ila spea ni mtihani. Nikanunua printa ya 3D ya mtumba, nikajifunza FreeCAD, programu ya kuchorea, usiku usiku, sasa nachora mwenyewe. Nilianza na mkono wa kushushia kioo. Nikapima kwa vania, nikakosea nusu milimita, nikarudia mara nne. Wa tano ukaingia ukalia "ta!", nikajiona injinia. Nikaegesha juani. Narudi saa nane mchana, umejipinda kama ndizi. Ilikuwa PLA, ile plastiki ya kawaida ya kuchapia.

Sasa kuna kidude kingine, kipo chini huko, cha mviringo, kina matundu manne, kinatakiwa kinyumbulike kidogo. TPU, ile plastiki laini kama raba, au nailoni? Jumamosi gari linasafiri. Naomba kuwasilisha.

Mbege Baridi
Nimewahi siti ya mbele. Kuku wamehamia wapi?

Mama Kahawa
PLA huanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 hivi, mwanangu, na dashibodi ya gari lililofungwa vioo juani inapita hapo. Plastiki ya PETG inakwenda karibu 80, ya ABS karibu 100. Mimi kijana wangu alinichapia gia ya mashine ya kumenya kahawa kwa PETG, imemaliza msimu mzima. Shida ikawa majirani. Huyu anaazima, yule anaazima, mwisho wamenirudishia mashine bila mpini na hakuna anayejua nani alikuwa nayo. Watu wa Kibosho mnaosoma hapa mnajijua.

Mzee wa Spana
Pijo! 404 ilishinda Safari Rally 1963, ikarudia 1966, 67 na 68. 504 ikaja ikachukua 1975 na 1978. Hilo ni gari, siyo hivi vikopo vyenu vya kuchaji. Lakini kijana, kila kipuri kina jina. "Kidude" ndiyo nini?

Kijana wa Kiborloni
Ni cha kuunganishia tu, mzee wangu. Nauliza plastiki.

Mzee wa Spana
Kinaunganisha nini na nini?

Neema wa Pasua
Mbona kimya? Amesoma tangu saa tatu.

Kijana wa Kiborloni
Kolamu ya usukani na reki, ile inayogeuza tairi. Ile diski ya raba. Lakini msinirukie. Ya zamani ilikuwa imeoza, inabomoka mkononi kama mkate. Na siyo kwamba naanza leo: nimeshachapa kwa TPU, imejaa ndani asilimia mia, nikaifunga Jumatatu. Nimekwenda Himo na kurudi, usukani mlaini kuliko zamani. Jumamosi ni sendofu ya dada Arusha, na mzee kasema binti yake atafika na 504 au yeye haendi.

Mbege Baridi
Kumbe swali lilikuwa "nife kwa plastiki gani."

Fundi Bila Ofisi
Sikiliza kaka. Raba ya kiwandani ina nyuzi ndani, zinabeba mvuto hata raba ikichoka. Yako imejengwa tabaka juu ya tabaka, na inapoachia huachia kati ya tabaka, hasa kuzunguka matundu ya bolti, kwa sababu kila ukikata kona nguvu zote zinakwenda pale. Usukani kuwa mlaini siyo sifa. Maana yake diski inajisokota kabla tairi halijageuka. Sasa piga picha mteremko wa daraja la Kikavu, semi nyuma yako, unakata kulia, usukani unazunguka na tairi hazina habari.

Olesendeu wa Ngaramtoni
Sisi tulikata ubavu wa tairi la lori, lina nyuzi, tukatoboa matundu manne. Gari likatembea shambani mwaka mzima.

Mbege Baridi
Usukani umevaa katambuga 😂

Fundi Bila Ofisi
Shambani, sawa. Siyo barabara ya Arusha na bibi harusi ndani.

Dada wa Kwaya
Mimi sijui magari. Ninachoona ni kijana anayemwogopa baba yake kuliko ajali. Kodi Noah, umpeleke dada yako. Na baba aambiwe ukweli.

Kijana wa Kiborloni
Dada, humjui mzee wangu. [picha ya ndani ya gari]

Neema wa Pasua
Samahani, mimi nanusa chai. Kuzeni hiyo picha. Usukani uko KUSHOTO. Tanzania gani hiyo? Kaitoa mtandaoni.

Mbege Baridi
Chai ya tangawizi. Na kuku nao hawakuwepo.

Mama Kahawa
Basi nimesimulia mashine yangu bure.

Kijana wa Kiborloni
Mzee alikuwa dereva wa malori ya Bujumbura, akainunua huko. Burundi wanaendesha kulia, usukani kushoto. Niliona haihusu.

Neema wa Pasua
Kila kinachohusu wewe huwa unaona hakihusu.

Olesendeu wa Ngaramtoni
Hata kama ni chai, yupo mwingine ana gari kweli. Kenya waliunganisha 504 miaka mingi. Tafuta mtu Kirinyaga Road, Nairobi, mpe vipimo, mzigo azipe shato, yale mabasi madogo ya abiria. Usitume jina tu, tuma picha ya ile iliyooza na upana kati ya matundu.

Kijana wa Kiborloni
Nimerudi. Nimelala chini ya gari na tochi mdomoni, nimeifungua. Matundu mawili kati ya manne yamepasuka. Ufa mweupe, ukucha unaingia. Himo tu, kwenda na kurudi. Nairobi wamepata moja, shato itafika Ijumaa saa kumi jioni. Mzee sijamwambia bado, ila ufunguo nimempa dada.

Mzee wa Spana
Ikija, bolti mpya. Usirudishie zile za zamani.

Mbege Baridi
Ule mkono wa kioo unauzaje? Mjomba yuko Usa River, 504 yake anashusha kioo kwa koleo.

Kijana wa Kiborloni
Wa mlango wa kulia au wa kushoto?