Pasipoti ninayo, kipande sina, nikashushwa basini

Mwana wa Mkomani (Leicester)
Asalaam aleikum jamaa. Nimerudi juzi kutoka Lamu, naomba mwenye kujua anijibu. Tumetoka Malindi alfajiri, kufika kizuizi kimoja kabla ya Mokowe wote tushuke, kila mtu kipande (kitambulisho cha taifa) mkononi. Changu kilipotea, nikatoa pasipoti ya Kenya. Askari akaikwaruza picha kwa ukucha wa dole gumba, kipande kiko wapi, nkamwambia abstrakti hii hapa, karatasi ya polisi kwamba kimepotea, wetingi ya kungojea kipande kipya sina sababu likizo ilikua fupi, akanambia kaa pale. Nikakaa juu ya gogo saa nzima na nusu basi lanisubiri, dereva apiga honi, mama mmoja wa Faza anisomea nyiradi dirishani. Sasa pasipoti si kitambulisho? Wana haki kukuzuia kwa kukosa kile kikadi tu?

Ami Shela (Toronto)
Pole mwanangu. Soma Katiba kifungu cha 49. Uambiwe sababu kwa lugha unayoifahamu, unyamaze ukitaka, upate wakili, na ndani ya saa 24 ufikishwe kortini.

Binti Langoni (Birmingham)
Ami kwa heshima zako, 49 ni ya aliyekamatwa. Huyu kaambiwa kaa pale, ndo ujanja wenyewe. Na hizo saa 24 zikiisha Jumamosi wangoja siku ya korti inayofuata, imeandikwa hapo hapo.

Ami Shela
Kumkalisha mtu kwenye gogo si kumkamata ni nini? Mimi nilianza kuhojiwa na polisi wewe hujazaliwa.

Mpate wa Bristol
Huku hakuna kipande cha taifa, polisi akikusimamisha kwa miguu kukuuliza tu waenda wapi hulazimiki hata kumpa jina, ukiwa kwenye gari ni mengine. Lakini mimi kila akinikaribia mkono wenda mfukoni wenyewe, miaka 11 niko huku na bado. Nyumbani ndo tumefunzwa hivo. Mtoto wa dadangu katimiza 18, kaenda kuomba kipande kaambiwa alete cheti cha babu yake, na babu kazaliwa Kizingitini, nani alokua akiandika vyeti? Februari 2025 rais alisema kule Wajir kwamba vetting, huku kuchujwa kabla ya kupewa kipande, imekwisha, haya.

Binti Langoni
Tangu shambulio la Mpeketoni 2014 sisi ni watu wa kuonyesha karatasi. Kafyu, wavuvi wakakatazwa bahari usiku, babangu ana nyavu zimeliwa na panya darini. Nakumbuka tu akirudi na samaki wa changu, mamangu keshaukanda mkate wa mofa. Wallahi nalia.

Mpate wa Bristol
Usinitajie mofa saa hii.

Mwana wa Mkomani
Jamani swali langu? Disemba naenda tena na mke na watoto.

Ami Shela
Panda ndege ushukie Manda, hiyo ndia ya gari ya nini.

Binti Langoni
Tiketi 5 Ami, utalipa wewe?