Saksofoni ya baritoni ya zamani, sauti inapanda juu: ninunue mausipisi gani, Otto Link, Berg Larsen au Selmer S80?

besi_ya_temeke
Wakuu, salama? Nimepata saksofoni ya baritoni ya kampuni ya Conn, zile za zamani zinazoishia B♭ ya chini. Bendi yetu ni ya dansi: magitaa, kinanda, ngoma, trampeti moja. Chini inakaa vizuri kabisa. Shida inaanza nikishika kitufe cha oktava. Kuanzia A kwenda juu inapanda, na zile D, E na F zinazofunguliwa kwa kiganja zinafika senti 30 juu (senti 100 ni nusu toni). Nikivuta nje mausipisi (kile kipande cha kupulizia) mpaka za juu zikubali, za chini zimeshazama na mausipisi yenyewe karibu idondoke shingoni. Niliyonayo ni ya chuma, dari ya ndani, pale hewa inapopita juu ya ridi, imeinuka sana, inalia kwa ukali. Nafikiria kubadilisha: Otto Link Tone Edge ya ebonaiti (mpira mgumu), Berg Larsen ya chuma, au Selmer S80 C*. Ila lazima nisikike mbele ya magitaa. Mnashaurije?

mzee_wa_brasi
Kijana, kabla hujatoa hela, angalia mgongoni karibu na namba ya ala. Kuna herufi H au L? Viwanda vya Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita vilitengeneza ala za aina mbili: L inakaa A 440, H inakaa karibu 457. Kama ni H, hakuna mausipisi duniani itakayokupatanisha na kinanda. Ala za H bado zinauzwa kwa watu wasiojua, bei nzuri, zinang'aa.

Ukishaona ni L, chomoa mausipisi, weka ridi (ule ubapa unaotetema), puliza peke yake mbele ya tyuna, kipima sauti. Kwa baritoni inatakiwa itoe D ya piano au karibu na hapo. Ukitoa E au F, unabana meno. Wengi wanaotoka alto wanabana, maana alto inataka A, juu zaidi. Bari inataka midomo iliyolegea na pumzi nyingi.

besi_ya_temeke
Shikamoo mzee. Ni L, nimeiona. Na peke yake inatoa D, inayumba kidogo tu kwenda E♭.

mzee_wa_brasi
Marahaba. Basi mdomo wako hauna kesi kubwa. Sasa tuongee chumba, yaani uwazi wa ndani ya mausipisi.

Saksofoni ni koni iliyokatwa ncha. Mausipisi ndiyo inayojaza ile ncha isiyokuwepo, kwa hiyo ujazo wake wa ndani lazima ukaribiane na ujazo wa kipande kilichokatwa. Chumba kikiwa kidogo, oktava zinatanuka: chini sawa, juu inapanda. Ukivuta nje unaongeza ujazo, lakini unarefusha bomba pia, na noti za bomba fupi zinaguswa kuliko za bomba refu. Ndiyo maana unahangaika. Conn za enzi hizo zilitengenezwa kwa mausipisi za chumba kikubwa cha duara, kama zile za Adolphe Sax mwenyewe. Harry Carney wa Duke Ellington alipuliza Conn, Gerry Mulligan naye Conn. Dari za kuinuka zimekuja baadaye, watu walipotaka kushindana na amplifaya.

Mimi nasema Tone Edge, yenye chumba kikubwa, bila kufikiri mara mbili.

saksi_ya_mtwapa
Mzee namheshimu, ila Berg Larsen msiitupe hivyo. Watu wanaisikia moja wanahukumu zote. Soma maandishi ubavuni. Mfano 110/2: namba ya kwanza ni mwanya wa ncha (nafasi kati ya ncha ya mausipisi na ridi) kwa sehemu za elfu za inchi, ya pili ni chumba. 0 ndiyo kali kuliko zote, 3 ndiyo nene. Kaka akinunua 0 atarudi hapa na kilio kilekile. 2 au 3 ni habari nyingine, na ule ukali wa kukata magitaa anabaki nao kiasi.

mama_klarineti
S80 C* ninayo, naipuliza kwenye bendi ya kanisa, juu ya Yamaha ya kisasa yenye A ya chini. Chumba chake kina umbo la mraba, mwanya ni mdogo, sauti imekusanyika. Kwa upatanifu hainipi shida hata kidogo. Lakini mdogo wangu, kwa dansi utapotea. Utasikika wewe na mpiga besi tu. Mimi nisingeinunua kwa kazi yako.

fundi_pedi
Nikiwa fundi lazima niseme: ingiza taa ndani ya bomba gizani uone kama pedi, vile vifuniko laini vya matundu, zinavujisha. Huku pwani unyevu unavimbisha pedi, na vibonye vikifunguka mno noti zinapanda. Hata hivyo, kinachopanda kwa mpangilio kuanzia A hadi juu si uvujaji. Uvujaji ungekuharibia chini kwanza: B♭ na B zingetetemeka na kukataa.

Kuna kipimo cha bure pia. Shika B ya chini, ilazimishe iruke oktava bila kitufe cha oktava. Halafu puliza B ya kawaida ya kidole kimoja. Hii ya pili ikiwa juu kuliko ile ya kulazimishwa, mausipisi imeingia mno, ivute kidogo. Fanya mpaka zilingane, ndipo uangalie tyuna. Na kumbuka tyuna inasoma sauti ya piano: ukitaka A yake, wewe shika F♯.

besi_ya_temeke
Fundi, nimekijaribu sasa hivi. Zinalingana mausipisi ikiwa imebaki imeshika ukingo tu wa lile gome (koki) la shingoni. Nikipuliza kwa nguvu inacheza.

fundi_pedi
Umejijibu. Chumba ni kidogo kwa hiyo Conn.

saksi_ya_mtwapa
Sawa, hapo hata mimi nasogea kwa mzee. Tone Edge, lakini chukua mwanya mpana kidogo, 7 hivi, ridi 2½. Nguvu ya bari kwenye bendi yenye magitaa haitoki kwenye ukali peke yake. Msikilize mpiga bari Lekan Animashaun ndani ya Africa 70, bendi ya Fela Kuti wa Nigeria: magitaa yamejaa, na bari bado ina nafasi yake, kwa sababu inapiga pale magitaa yanapoacha.

mama_klarineti
Na ridi ukiweza tafuta moja ya plastiki kama Légère, bei inauma lakini kwa joto la Dar za mianzi zinapinda ukizisahau jukwaani. Halafu patanisha ala ikiwa imeshapata joto. Hewa ya moto inapandisha saksofoni, kinanda kinabaki palepale.

besi_ya_temeke
Asanteni sana. Naagiza Tone Edge 7. Kuna mtu Dar au Zanzibar anayo niijaribu wiki hii kabla sijalipa? Ridi nakuja nayo.