Naombeni ushauri: watoto ni wanne, na fedha za zawadi za Krismasi zinatosha wawili

Mama Wanne

Habari zenu wanajukwaa. Nimekuwa msomaji wa kimya hapa kwa muda mrefu, lakini leo nimelazimika kufungua uzi kwa sababu jambo lenyewe linaninyima usingizi na nyumbani sina wa kumweleza. Nina watoto wanne, wenye umri wa miaka 11, 9, 7 na 2. Fungu nililotenga kwa ajili ya zawadi za Krismasi ni dogo, kwa kuwa kazi za mume wangu zimepungua sana mwaka huu, na kwa hesabu zangu linatosha kuwanunulia watoto wawili kitu cha maana, au wote wanne vitu vidogo vidogo. Ipo pia nafasi ya kununua kitu kimoja kikubwa kwa kulipa kidogo kidogo. Naomba mnishauri namna ya kugawa, ili asiwepo mtoto atakayejiona amepunjwa. Kejeli tafadhali tuziweke kando.

Babu wa Zamu

Mwanangu, shida yako imeanza pale tulipowaachia wenye maduka watupangie sikukuu. Huyo mzee wa zawadi tunayemwona na ndevu zake chimbuko lake ni Askofu Nikolasi wa Mira, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliyeishi karne ya 4. Simulizi mashuhuri kumhusu inasema kwamba aliwatupia mabinti watatu mifuko ya dhahabu usiku, kwa sababu baba yao alikuwa fukara asiyeweza kuwaoza. Alitoa kwa siri, na alimpa mhitaji. Sisi tunatoa mchana kweupe ili jirani aone. Wafundishe watoto kusali na kushukuru, hayo mengine yatajipa.

Mlezi wa Chekechea

Babu, tumekusikia, lakini mama ameuliza kuhusu kugawa fedha. Mimi nitamjibu kuhusu huyo wa miaka 2, kwa kuwa ndio umri ninaoshinda nao. Mtoto wa umri huo hajui bei wala hahesabu nani amepata vingapi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwaangalia watoto wa umri wa kati ya miezi 18 na 30 wakicheza, mara moja wakiwa na vitu vinne na mara nyingine wakiwa na vitu 16. Walipokuwa na vinne walicheza na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na kwa namna nyingi zaidi. Kwa hiyo, kimoja kinamtosha kabisa. Kitu ninachokusihi ni kuepuka vile vya bei ya chini vinavyowaka taa na kuimba, ambavyo kifuniko cha betri hufunguka kwa ukucha. Betri ndogo ya duara ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza nyama kwa muda wa saa mbili tu. Kabla ya kulipa, hakikisha kifuniko kimefungwa kwa skrubu. Sumaku ndogo nazo usiziingize nyumbani, hata kama umemnunulia mkubwa, kwa sababu cha mkubwa huishia mdomoni mwa mdogo.

Shemeji Mpole

Kuhusu vitu vinavyopiga kelele naomba niongeze ushahidi wangu. Mwaka mmoja nilikuwa sina kitu mfukoni, nikaona ngoma ndogo ya bei nafuu, nikamnunulia mtoto wa dada wa mke wangu. Mtoto alifurahi mno. Baba yake hadi leo hunisalimia akiwa ametazama pembeni, na kila Krismasi inapokaribia hunikumbusha kwa ujumbe kwamba kadi peke yake inatosha.

Mkokotoa Riba

Dada, umeandika sentensi moja kuhusu kulipa kidogo kidogo, kisha ukaipita mbio kana kwamba unaruka dimbwi. Kitu hicho kikubwa ni kipi, ni cha mtoto yupi, na masharti yake ni yapi? Bila majibu hayo tutakuwa tunagawa fedha ambazo huenda hazipo tena.

Mama Wanne

Ni baiskeli. Nimekwisha kulipa arbuni, robo ya bei, na iliyobaki nitaimaliza kwa miezi sita kwa nyongeza ya asilimia 5 tu kila mwezi, ambayo sioni kuwa ni kubwa. Ni ya mmoja wao. Sioni tatizo katika hilo, kwa sababu wangu wa kwanza ni mkubwa na anaielewa hali ya nyumbani, na wangu wa pili, huyu wa miaka 7, ameomba kitabu cha kupaka rangi na kalamu zake, basi. Mdogo mmeshasema hana habari. Kinachonisumbua ni namna ya kuwaeleza wengine.

Mkokotoa Riba

Hiyo asilimia 5 inahesabiwa juu ya deni linalopungua, au juu ya deni la mwanzo hadi mwisho? Ikiwa ni deni la mwanzo, na ndivyo ilivyo mara nyingi, basi tuhesabu pamoja. Tuseme bei ni 100. Umelipa 25, unadaiwa 75. Asilimia 5 ya 75 ni 3.75, na kwa miezi sita inakuwa 22.5. Utakuwa umelipa 122.5 kwa kitu cha 100, na kwa kuwa kila mwezi unarejesha sehemu ya deni huku riba ikibaki palepale, ni sawa na kutozwa kama asilimia 8 kwa mwezi ya deni unalobaki nalo kwa kweli. Hiyo 22.5 ya juu ndiyo zawadi za watoto wengine watatu. Umeikabidhi duka.

Mama Wanne

Hesabu zako nimezisoma na sina ubishi nazo, lakini maisha hayaendi kwa kalamu peke yake. Ipo sababu ya kununua baiskeli hiyo mwaka huu, wala si mwakani, na nimeipima. Niliomba ushauri wa kugawa kilichobaki.

Msomaji Kimya

Wanajukwaa, kabla hatujaendelea kuumiza vichwa, hebu rudini juu msome tena. Mwanzoni mama huyu ameandika kwamba watoto wake wana miaka 11, 9, 7 na 2. Baadaye anatuambia kwamba wa kwanza ni mkubwa na wa pili ana miaka 7. Huyo wa miaka 9 amekwenda wapi? Mzazi anaweza kusahau tarehe ya chanjo, lakini mpangilio wa kuzaliwa kwa watoto wake mwenyewe hausahau. Nina wasiwasi kwamba tumeletewa chai, na kwamba mwandishi amesahau ameweka sukari vijiko vingapi.

Shemeji Mpole

Mimi chai hii nimekwisha kuinywa nusu, kwa hiyo naomba mwenye nayo aje aimalizie kuimimina. Ila Msomaji Kimya ana hoja.

Babu wa Zamu

Nami nilihisi kitu. Mtu mwenye shida ya kweli hawezi kutetea deni kwa bidii kiasi hicho. Wasimamizi waufunge uzi.

Mama Wanne

Msiufunge. Sikusema uongo, watoto ni wanne. Wa miaka 9 sikumzaa mimi. Ni mtoto wa mume wangu, alikuwa akiishi na bibi yake mzaa mama, na sasa bibi amechoka na afya yake haimruhusu tena kulea. Mtoto anahamia kwetu wiki moja kabla ya Krismasi. Na kabla Msomaji Kimya hajachukua kalamu tena, ndiyo, nimeolewa miaka 13. Hesabu mnaijua. Jambo hilo mimi na mume wangu tulilimaliza zamani, na sikufungua uzi ili lijadiliwe. Baiskeli ni ya mtoto huyo. Kila mtu mtaani atakuwa akiangalia namna nitakavyompokea, na sitaki hata mmoja afungue kinywa kusema kwamba mama wa kambo si mama.

Babu wa Zamu

Mume ndiye wa kulaumiwa hapa. Mwanamume aliyekwenda nje ya ndoa ndiye anayepaswa kuibeba baiskeli hiyo mgongoni mwake, siyo wewe.

Mkokotoa Riba

Mleta uzi ametuomba tusiende huko, Babu. Hata hivyo nina swali moja la fedha: mume anajua kuhusu arbuni hiyo?

Mama Wanne

Bado. Nilitaka iwe mshangao kwake pia.

Niliyelelewa Kwingine

Naomba niandike kwa urefu kidogo, kwa sababu katika uzi huu pengine ni mimi pekee niliyewahi kuwa mtoto huyo. Nilipelekwa kwa baba nikiwa na umri unaokaribia huo, na mke wake alinipokea kwa moyo mmoja. Krismasi ya kwanza zawadi yangu ilikuwa kubwa kuliko zote, na ilifungwa kwa karatasi inayong'aa, ilhali za wengine zilikuwa zimefungwa kwa karatasi iliyohifadhiwa tangu mwaka uliotangulia, yenye mikunjo ya zamani. Juu ya kila moja aliandika jina la mtoto kwa mwandiko wake. Juu ya yangu aliandika "Karibu nyumbani".

Ndugu zangu walinitazama, kisha wakaitazama ile karatasi. Sikuweza kuifungua mbele yao. Mama yule hakuwa na ubaya wowote, na hadi leo namwita mama, lakini siku ile alinifanya mgeni wa heshima, na mgeni hukaa akijua kuwa ipo siku ataondoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilianza kulala usingizi mzuri pale nilipokuta jina langu kwenye zamu ya kuosha vyombo, baada ya jina la kaka na kabla ya la dada.

Dada, ukimpa baiskeli yeye peke yake, wa miaka 7 ataambiwa aridhike na kalamu za rangi, na wa miaka 11 ataambiwa aelewe hali. Nani atakayekuwa adui wao ifikapo jioni? Mpe huyo wa 9 zawadi ya uzito uleule wanaopewa wenzake, iliyofungwa kwa karatasi ileile, yenye jina lake. Kabla hajahamia, muulize bibi yake mtoto anapenda nini. Huenda anataka blanketi lake la zamani lisioshwe.

Mama Wanne

Nimesoma, na nimeisoma tena. Hata hivyo, wewe ulikuwa mtoto, hukuyasikia maneno ambayo mama huyo alikuwa akisemwa. Mimi ninayasikia sasa, na mtoto bado hajafika.

Mlezi wa Chekechea

Wanaosema hawatalala nyumbani kwako, mama. Watoto wanne watalala hapo.

Fundi Magurudumu

Samahani kwa kuingia kwa pembeni. Magurudumu ya baiskeli yenyewe yana ukubwa gani?

Mama Wanne

Inchi 20.

Fundi Magurudumu

Basi ukishusha kiti wa miaka 7 anaweza kuiendesha, na ukikipandisha wa miaka 9 ataiendesha vizuri. Wa miaka 11 magoti yatamgonga usukani, labda awe mfupi. Kwa wa miaka 9 pia, akiwa mrefu, itambana mapema. Kwa hiyo, ukiing'ang'ania, iwe ya nyumba nzima na iwe na zamu, wala isiandikwe jina la mtu. Ila kwa ushauri wangu iliyotumika ingewafaa zaidi. Baiskeli za watoto huachwa mapema kwa sababu watoto hukua. Ukienda kuiangalia, inua gurudumu la mbele ulizungushe uone kama linayumba, bana breki zote mbili, kisha vuta mnyororo kwa kidole. Ukining'inia sana, umelegea au umelika. Vitu hivyo vitatu vikiwa sawa, rangi iliyochubuka isikutishe.

Mkokotoa Riba

Hapo sasa tumefika kwenye hesabu. Robo uliyolipa usiihesabu kuwa imepotea, wala usiifanye sababu ya kulipa robo tatu nyingine. Waombe dukani wakupe bidhaa za thamani ya arbuni. Ukichanganya na fungu ulilobaki nalo, utapata zawadi nne zinazokaribiana bila deni la Januari. Risiti yako inasemaje?

Mama Wanne

Imeandikwa baiskeli, kiasi nilicholipa na tarehe ya awamu ya kwanza. Kuhusu kubadilisha haikusema lolote. Nitakwenda kuwauliza, lakini msije mkadhani nimeiacha baiskeli. Ile ya nyumba nzima bado inanikaa moyoni.

Mkokotoa Riba

Nenda kabla ya tarehe ya awamu ya kwanza, na umwone mwenye duka mwenyewe, siyo mwuzaji wa zamu. Nenda pia na mumeo. Wakikataa kubadilisha na mkaamua kuichukua, basi deni liandikwe kwa jina lake.