Aliyecheka goti la Derrick Rose ajitokeze hapa tumalizane

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka, mtanivumilia herufi zikiruka.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Ni yule yule ambaye mjadala wowote wa kikapu haujaanza mpaka yeye aukatize, mwenye sauti ya king'ora na hoja za ukubwa wa punje ya mtama. Jana usiku tulikuwa kwenye mazungumzo ya sauti, watu kama arobaini, mada ni wachezaji walioharibiwa na majeraha. Mtu akaweka video ya Aprili 28, 2012. Chicago Bulls na Philadelphia 76ers, NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani, mechi ya kwanza ya mtoano. Imebaki dakika 1 na sekunde 22, Bulls wanaongoza kwa pointi 12. Rose anaingia ndani, anakita miguu miwili ghafla, anaruka, goti la kushoto linaachia. Anaanguka, amelikumbatia.

Na huyu bwana akacheka.

Hakukohoa, wala hakupaliwa. Alicheka kile kicheko kirefu chenye mkia, kinachoisha halafu kinaanza upya. Watu arobaini kimya, yeye peke yake anacheka. Nikamuuliza, "Unacheka nini?" Akanijibu neno moja: "Alivyokaa."

Alivyokaa!

Huyu huyu juzi alijigonga kidole kidogo cha mguu kwenye kitanda. Kidole kidogo! Alituandikia aya sita, akaomba dua, akaomba msamaha kwa aliowakosea, nikabaki kusubiri wosia. Leo anacheka kano ya goti la mwenzake.

Mnajua kano ya mbele ya goti ikikatika inakuwaje? Haiungi yenyewe kama mfupa. Daktari anachukua kipande cha kano kwingine, anatoboa mfupa wa paja na wa muundi, anakipitisha humo, ndipo mtu mzima unaanza upya kujifunza kukunja mguu. Ni kazi ya miezi mingi, unahesabu nyuzi za kukunja kama mtoto anavyohesabu hatua.

Na huyu hakuwa mchezaji wa kujaza benchi. Mtoto wa Chicago, timu zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2008 kachaguliwa wa kwanza, tena na timu ya mji wake mwenyewe. 2011 ni MVP, mchezaji bora wa msimu, akiwa na miaka 22, hajatokea mdogo kuliko yeye. Wastani wa pointi 25, Bulls wameshinda mechi 62. Mwaka mmoja baadaye yuko chini ameshika goti, na mtu anaona cha kuchekesha ni ALIVYOKAA.

Akakosa msimu mzima wa 2012-13. Madaktari walimruhusu Machi, yeye akausikiliza mwili wake, akatukanwa kwamba ni mwoga. Akarudi, mechi 10 tu, Novemba 2013 kule Portland gegedu la goti la kulia likachanika. Februari 2015, goti hilo hilo tena. Septemba 2015, mazoezi ya siku ya kwanza, kiwiko kikamvunja mfupa wa jicho. 2017 yuko New York Knicks, gegedu la goti la kushoto. Na bado Oktoba 31, 2018 akiwa Minnesota aliwafunga Utah Jazz pointi 50, akazuia mtupo kwenye sekunde za mwisho, akalia palepale uwanjani. Mimi nililia naye na sioni aibu kusema.

Sasa mtu anacheka. Nasema tena, alicheka.

Benchi la Nyuma: "Alivyokaa" 😂😂 nisameheni jamani, imenitoka.

Mleta uzi: Ndiyo mjue huu ugonjwa unaambukiza.

KamandaDribo: Tunamjua huyo. Ndiye aliyesema Yao Ming, yule Mchina mrefu wa NBA, alikuwa anajisikia tu. Mtu mguu umevunjika mara kwa mara mpaka kastaafu 2011 akiwa na miaka 30, yeye anasema kajisikia.

Gadi Mstaafu: Aya sita za kidole nilizisoma zote. Ya nne ilikuwa kali.

Mama Ribaundi: Pole mleta uzi, ila hasira zako umezipeleka nyumba siyo. Kicheko hakijamkata mtu kano. Msimu ule Rose alicheza mechi 39 kati ya 66, mara kidole, mara mgongo, mara kinena, mara kifundo. Mwili mzima unapiga kelele. Unaongoza kwa 12, dakika imebaki moja na kitu, nyota wako anafanya nini uwanjani? Kocha wake mimi sijamsamehe mpaka leo.

Robo ya Nne: Mama, pointi 12 kwenye mtoano si za kulalia. Halafu siku hiyo hiyo Iman Shumpert wa Knicks alikatika kano hiyo hiyo dhidi ya Miami, mbona kocha wake hasemwi? Msimu ulibanwa baada ya wamiliki kufungia ligi, watu wanacheza mechi juu ya mechi. Laumu ratiba.

Mama Ribaundi: Ratiba haiiti mchezaji benchi. Kocha ndiye anayemwita.

Mleta uzi: Wakuu, hapa tunazungumzia kicheko.

Kifundo cha 2000: Kila mwaka Rose, Rose, Rose. Kwani Grant Hill alikuwa mbuzi? Alikwenda Orlando mwaka 2000 na kifundo kibovu, misimu mitatu akacheza mechi 47. 2003 wamempasua, jeraha likapata maambukizi, homa ikampanda mpaka watu wakahofia uhai wake. Msimu uliofuata hakugusa mpira. Halafu akiwa na miaka 36 kule Phoenix akacheza mechi zote 82. Zote! Mfungulieni uzi huyo.

Benchi la Nyuma: Mfungulie wewe mkuu, vidole si unavyo.

Portland Damu: Mmegusa kidonda. Sisi wa Portland tulimchukua Greg Oden namba 1 mwaka 2007, Kevin Durant akaenda namba 2. Oden akafanyiwa upasuaji wa goti kabla ya kucheza hata mechi moja. Jumla ya mechi zake kwetu ni 82, yaani msimu mmoja kamili uliokatwakatwa vipande. Halafu Brandon Roy, magoti yameisha, anatangaza kustaafu 2011 akiwa na miaka 27. Nyinyi mnalilia kicheko?

Gadi Mstaafu: Umemsahau Bill Walton, kijana. Kawapa ubingwa 1977, MVP 1978, kachomwa sindano ya kutuliza maumivu acheze mtoano, mguu kumbe umevunjika. Msimu uliofuata aligoma kucheza. Watu wa Portland mna jambo la kujiuliza.

Portland Damu: Mzee tusifike huko.

KamandaDribo: Na Shaun Livingston? 2007 goti lilizunguka, madaktari wakataja kukata mguu. Akaja kubeba ubingwa mara 3 na timu ya Warriors.

Mleta uzi: Nashukuru kwa historia, ila huyu bwana amesoma uzi huu, nimemwona yuko hewani, na hajaomba radhi. Mnaona ni sawa mtu acheke mwenzake akiumia?

Robo ya Nne: Mimi kinachonikera ni hawa wa siku hizi wanaopumzishwa wakiwa wazima. Unakesha, unafungua mechi, nyota kavaa koti anakunywa maji.

Kifundo cha 2000: Ndiyo maana ligi imeweka sharti la kucheza mechi 65 kwa msimu ili mtu apate tuzo.

Mama Ribaundi: Na sharti hilo ndilo litakalowafanya wacheze wakiwa wabovu. Mnataka Rose wengine? Acheni watu wapumzike.

Robo ya Nne: Apumzike baada ya kufanya kazi, mama. Hajatokwa jasho!

Benchi la Nyuma: Afadhali hao wanalipwa. Timu yetu ya jioni kuna jamaa akipangiwa kumkaba mtu mwenye mbio anashika paja. Tukipata mpira, paja limepona.

Gadi Mstaafu: Kila timu inaye. Wetu anashika mgongo.

KamandaDribo: Wetu anafunga kamba za viatu. Mashambulizi matatu mfululizo anafunga kamba.

Mleta uzi: Wakuu, kicheko.

Portland Damu: Wa kwetu kiatu hakina hata kamba 😂

Benchi la Nyuma: Mwekeni picha hapa.