Sudo imegoma ghafla, naombeni msaada kabla sijafomati

Kibodi_Mbovu: Habari wakuu. Natumia Ubuntu. Tangu mchana sudo, ile ya kuendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi, imegoma: kila amri inajibu kwamba /usr/bin/sudo lazima imilikiwe na uid 0 (yaani root, msimamizi mkuu) na iwe na biti ya setuid. ssh ya kuingilia kompyuta za mbali nayo inaukataa ufunguo wangu, eti ruhusa zimelegea mno. Sijagusa kitu. Nipeni amri moja tu ya kurudisha mambo, kuna kazi natakiwa kuituma kesho. Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Kernel: Tatizo ni hiyo Ubuntu. Hamia Debian, utakuja kunishukuru.

DadaBash: Biti ya setuid, ile inayoifanya sudo iendeshwe kwa mamlaka ya root, haiondoki yenyewe, mkuu. Piga `history | tail -20` utuwekee hapa.

Kibodi_Mbovu: Kuna mambo binafsi humo.

DadaBash: Basi bonyeza Ctrl+R, andika chmod (amri ya kubadili ruhusa za faili), utuletee mstari huo mmoja.

Kibodi_Mbovu: Sawa. Skripti ilikataa kuendeshwa, nikasoma mahali kwamba 777 (ruhusa zote kwa kila mtu) inamaliza kila kitu. Nilikusudia `sudo chmod -R 777 ./` kidole kikagusa spesi, ikawa `. /`, yaani folda niliyomo pamoja na mzizi wa mfumo mzima. Makosa ya /proc yalipoanza kumiminika nikakata kwa Ctrl+C. Ila suluhisho nimeshalipata, naipiga `chmod -R 755 /` yaishe. Nataka tu mnihakikishie.

Flashi_Tupu: Nimecheka, kisha nikajikumbuka. Mimi nilikuwa naandika ISO (faili la kusakinishia mfumo) kwenye flashi kwa dd, nikaweka of=/dev/sda, diski ya mashine yenyewe, badala ya sdb, flashi. dd haiulizi "una uhakika?", inaandika tu. Nilikaa naitazama skrini kama nimefiwa. Siku hizi napiga lsblk, ya kuorodhesha diski, mara tatu, hata nikiwa sina flashi.

Mzee_wa_Kernel: Vijana mnanakili amri msizozielewa. `chmod +x` kwenye faili moja ingetosha. Man, mwongozo wa amri, mnaiona pambo?

DadaBash: Hiyo 755 usithubutu. /etc/shadow yenye heshi za nywila itasomwa na kila mtumiaji, funguo za ssh zitaendelea kukataliwa, na setuid hairudi ng'o. Inataka 4 mbele: 4755.

Mtilia_Shaka: Hii chai. Mosi, Linux haikubali amri kama hiyo kwenye mzizi. Pili, sudo imekufa, sasa hiyo 755 ataipiga kwa root ya wapi?

DadaBash: La kwanza umechemka. rm ya GNU, ile ya kufuta, ndiyo inayoukinga mzizi bila kuambiwa. chmod na chown (ya kubadili mmiliki) hazifanyi hivyo mpaka uongeze `--preserve-root`. La pili hata mimi nasubiri jibu.

Kibodi_Mbovu: Kuna dirisha jingine la terminali, niliingia kama root kwa `sudo -i` asubuhi na sijalifunga. Nilidhani halihusiani.

Flashi_Tupu: HALIHUSIANI!

DadaBash: Usilifunge. Usizime mashine. Humo humo andika:
`chmod 4755 /usr/bin/sudo`
`chmod 440 /etc/sudoers`
Halafu jaribu sudo kwenye dirisha la pili.

Kibodi_Mbovu: Sasa inalalamika sudoers.so (kijalizo cha sudo) isiandikwe na mwingine zaidi ya mwenyewe.

DadaBash: Umesogea. Itafute kwa `find /usr -name sudoers.so`, uipe 644. Ufunguo wako wa ssh upe 600, na /tmp 1777. Kisha nakili home yote kwenye diski ya nje kwa `rsync -a` na uweke mfumo upya, maana faili zilizobaki na 777 ni maelfu, hutazipitia moja moja.

Kibodi_Mbovu: Imekubali! Lakini kuweka upya hapana. Mashine inawaka, kazi inaenda.

Mzee_wa_Kernel: Mwacheni. Kwenye Fedora `rpm --setperms -a`, inayorudisha ruhusa za vifurushi vyote, ingemsogeza mbali, ila nilishasema ahame.

Mtilia_Shaka: Uliambiwa uhamie Debian, sasa imekuwa Fedora? Na wewe Kibodi, dakika chache tu na umepona. Weka ushahidi.

Kibodi_Mbovu: `ls -l /usr/bin/sudo` hii hapa, inaanza na `-rwsr-xr-x 1 root root`. Unaiona s ya setuid?

Mtilia_Shaka: Hiyo hata mimi naweza kuichapa.